Msimtume Muuguzi Peke Yake: Barua ya Wazi kwa Waliotia Saini Mkataba Wetu

Kwa Waziri wa Afya, Waziri wa Kazi, Baraza la Wauguzi la Kenya, na Ubalozi wetu London.

Waheshimiwa,

Mimi ni muuguzi, Mkenya, na ninafanya kazi katika hospitali ndogo ya mashambani kaskazini mwa England. Hospitali sitaitaja, kwa sababu bado nina zamu pale na bado kuna wagonjwa wanaonitegemea. Nawaandikia nyinyi na si wakurugenzi wake, kwa kuwa wakurugenzi wameshaambiwa. Nimewaambia kwa maandishi, na wengine waliwaambia kabla yangu. Nyinyi ndio hamjaambiwa, au mmeambiwa kwa mafumbo katika hafla za Wakenya wa huku, ambako kila mtu amependeza na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kulalamika mbele ya mgeni rasmi.

Julai 2021, Rais Uhuru Kenyatta alipokuwa ziarani London, serikali zetu mbili zilitia saini mkataba wa kuwaleta Uingereza wauguzi wa Kenya waliokosa ajira nyumbani. Kwa sababu ya mkataba huo, Kenya iko katika kundi la nchi ambako hospitali na mawakala wa Uingereza hawaruhusiwi kuajiri wapendavyo. Sharti wafuate masharti waliyokubaliana na serikali yetu. Hayo ni mamlaka makubwa, na sijui kama mnatambua ukubwa wake. Hospitali inayotutaka haiwezi kuja kututafuta bila nyinyi. Basi mna haki ya kuiuliza itatutendea nini, na mna haki ya kukataa jibu lake.

Naomba niwaeleze yanayotokea, ili mjue la kuuliza.

Linalotokea mara nyingi kuliko mengine ni hili. Naingia na trei ya dawa, nasalimu, najitambulisha. Mgonjwa ananitazama, kisha anamwambia msaidizi aliye nyuma yangu: "Simtaki huyu. Niletee mwingine." Wakati mwingine anaongeza neno ambalo sitaliandika hapa. Ikiwa ni mzee ambaye ugonjwa wa kusahau umemtoa katika akili zake, sina kinyongo naye hata kidogo. Nimeshikwa koo na wazee wa aina hiyo na usiku huohuo nikawalisha uji kwa kijiko. Ninaowasema ni wenye akili timamu, ambao ukiwauliza tarehe na jina la waziri mkuu wanakujibu bila kusita.

Maneno yao yanauma, lakini yanayofuata yanauma zaidi. Msimamizi wa zamu ananivuta kando na kuniambia kwa upole kwamba tubadilishane tu, nisijali, ndivyo mzee yule alivyo. Mwenzangu mzungu anamchukua mgonjwa wangu, mimi nachukua wawili wake, mara nyingi wale wazito, wanaohitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili wasipate vidonda vya kulalia. Hakuna aliyemwambia yule mgonjwa kwamba hapa muuguzi hachaguliwi kwa rangi. Hakuna kilichojazwa kwenye mfumo wa kuripoti matukio. Tunapopeana ripoti asubuhi, anatajwa kama mtu "anayependelea wauguzi fulani", na anayepokea zamu anaelewa, na ananitazama haraka kisha anaangalia pembeni.

Hivyo mgonjwa amepata alichotaka, msimamizi amepata utulivu, na wodi nzima imejifunza kuichukua ngozi yangu kama shida ya ratiba. Kesho yake hata hawasubiri mgonjwa aseme. Wanapanga mapema nani asipelekwe kwangu.

Si kwamba Uingereza haina kanuni. Tangu Aprili 2020 hospitali za umma za England zimeruhusiwa kumnyima matibabu yasiyo ya dharura mgonjwa anayewatukana wafanyakazi kwa ubaguzi wa rangi. Kumpiga au kumshambulia mfanyakazi wa afya aliye kazini ni kosa lenye adhabu kali zaidi kwa sheria ya 2018. Siombi mgonjwa yeyote aachwe afe. Hakuna muuguzi aliyekula kiapo chetu anayeomba hivyo. Naomba tu kanuni zilizopo zitoke kwenye karatasi ya ukutani zifike kando ya kitanda. Hospitalini kwangu sijaona hata barua moja ya onyo ikikabidhiwa kwa mgonjwa. Nimeona bango, na ni bango zuri, lenye picha ya watu wa rangi zote wakitabasamu.

Mtasema haya yapo hata London. Yapo, na wenzetu wa huko wana ya kwao ya kueleza. Lakini sisi wa mashambani tuna jambo letu, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kwa sensa ya 2021, watu weusi walikuwa asilimia 4 ya wakazi wa England na Wales, na karibu nusu yao waliishi London. Iliyobaki imejaa Birmingham, Manchester, Leeds na miji mingine mikubwa. Huku kwenye mashamba ya kondoo na miji midogo ya soko, mtu anaweza kufika uzeeni bila kuguswa na mkono mweusi, na mkono wa kwanza kumgusa ukawa wangu, saa tisa usiku, akiwa na maumivu na hofu. Naelewa hofu hiyo. Sielewi kwa nini mimi ndiye nibebe gharama yake peke yangu.

Katika hospitali kubwa ya mjini, muuguzi akitukanwa usiku anatembea hadi wodi ya pili na kumkuta Mghana, Mfilipino, Mjamaika au Mkenya mwenzake. Analia kidogo, anaambiwa nani wa kumwona, anaambiwa aandike saa na majina kabla hajasahau. Kuna mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyewahi kubeba kesi kama yake. Kuna kikundi cha wafanyakazi weusi chenye nafasi ya kukaa na mkurugenzi. Mashambani ukitoka nje ya wodi unakutana na maegesho ya magari na giza.

Tena huku watu wote ni wa mtu mmoja. Mgonjwa aliyenikataa ni mjomba wa mpokea wageni. Mwenye nyumba ninayopanga alisoma darasa moja na msimamizi wa wodi, na wake zao wanaimba kwaya pamoja. Afisa wa rasilimali watu anayepaswa kusikiliza lalamiko langu ana mama mzazi aliyelazwa kwetu. Siwasemi kwa ubaya, kwani ujirani huo ndio uzuri wa mahali hapa, na mtu akifiwa hukosi kuona mlango wake umejaa watu. Lakini lalamiko langu likiingia katika ujirani huo linafika mtaani kabla halijafika ofisini. Siri haiwezekani. Ukisema "muuguzi mmoja Mwafrika amelalamika", umeshanitaja jina.

Kila mwaka wafanyakazi wa hospitali za umma England hujaza dodoso, na ndani yake yamo maswali ya unyanyasaji na ubaguzi. Majibu huchambuliwa kwa rangi. Lakini kundi likiwa la watu wachache mno, matokeo yake hayachapishwi, ili wasitambulike. Ni utaratibu mwema uliowekwa kutulinda. Matokeo yake ni kwamba muuguzi mweusi aliye peke yake haonekani mahali popote katika takwimu. Hospitali yenye wauguzi weusi mia mbili itaonyesha idadi ya walioonewa, na gazeti litaiandika. Yetu itaonyesha nafasi tupu. Mkisoma ripoti hizo mkiwa Nairobi mkaona hospitali za mashambani hazina tatizo, ndivyo hali hiyo ilivyotokea.

Ya wafanyakazi wenzangu nitayapitia kwa haraka, si kwa kuwa ni madogo bali kwa kuwa mnayajua. Kusahihishwa matamshi mbele ya mgonjwa ambaye amenielewa vizuri. Kuhakikiwa dozi niliyoipiga hesabu tangu nilipokuwa kliniki ya uzazi nyumbani, na mtu aliyemaliza chuo juzi. Kufupishiwa jina bila kuulizwa. Nafasi za mafunzo kutangazwa siku ambayo wote wanajua siko zamu. Nimemfundisha kazi mtu katika wodi ile, akapanda kutoka bendi ya 5, yaani ngazi ya cheo na mshahara, hadi ya 6, na mimi nikabaki na shukrani zake.

Haya ya kupanda cheo si hisia zangu peke yangu. Tangu 2015 hospitali za umma England zinalazimika kupima usawa wa rangi kwa mpango uitwao WRES, na hujibu maswali yaleyale kila mwaka: nani anaitwa kwenye usaili na nani anapewa kazi, nani anafikishwa kwenye nidhamu, nani ananyanyaswa na nani, nani ameketi kwenye bodi. Kwa takwimu za 2023, waombaji wazungu walioitwa kwenye usaili walikuwa na nafasi ya kupewa kazi zaidi ya mara moja na nusu ya wenzao wasio wazungu. Zaidi ya robo ya wafanyakazi wote hawakuwa wazungu, lakini kwenye uongozi wa juu kabisa walikuwa kama mmoja kati ya kumi. Waajiri wenyewe ndio walioandika hivyo kuhusu nafsi zao. Kila hospitali ina karatasi yake, na karatasi hiyo inaweza kusomwa na mtu yeyote aliyeko ofisini kwenu mwenye intaneti na subira ya mchana mmoja.

Nidhamu ndiyo inayotunyima usingizi. Saini ikikosekana kwenye karatasi ya dawa ya mmoja, anaambiwa amechoka, akapumzike. Ikikosekana kwa mwingine, fomu inafunguliwa. NMC, baraza linalosajili wauguzi Uingereza, limekiri katika utafiti wake lenyewe kwamba waajiri huwashtaki kwake wauguzi weusi kuliko idadi yao kwenye rejista inavyostahili. Na ripoti huru kuhusu NMC iliyotolewa Julai 2024 ilikuta ubaguzi na uonevu ndani ya taasisi hiyo yenyewe. Nalielekeza hili kwa Baraza la Wauguzi la Kenya hasa. Nyinyi ndio mnaothibitisha kwa NMC kwamba sisi ni wauguzi wenye sifa njema. Mnapopeleka uthibitisho huo, kwa nini msiulize pia ni Wakenya wangapi wameshtakiwa, na waajiri gani, na mashtaka mangapi yalifutwa baada ya muuguzi kukaa miezi bila amani? Muuguzi aliyechafuliwa jina huku atarudi nalo kwenu.

Sasa mtu atauliza, kama hali ndiyo hiyo, kwa nini usiondoke ukatafute hospitali nyingine? Hapo ndipo viza inapoingia.

Viza yetu imefungwa kwa mwajiri. Akisitisha udhamini, kwa kawaida mtu hupewa siku 60 kupata mdhamini mwingine au kuondoka nchini, yeye na mume au mke wake na watoto waliokwisha kuanza shule. Mikataba mingi ina kifungu cha kurudisha gharama za kuletwa ukiondoka kabla ya muda fulani. Kwa utaratibu tuliokuja nao, unahitaji miaka 5 kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu, na Mei 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza nia ya kuifanya 10. Miaka hiyo yote, barua ya kuthibitisha kwamba bado upo kazini inatoka kwenye ofisi ileile unayotaka kuilalamikia. Hakuna anayehitaji kututishia kwa maneno. Tunajitisha wenyewe, kimyakimya, kila tunapofungua fomu ya malalamiko na kuifunga tena.

Sheria ipo. Sheria ya Usawa ya 2010 inakataza ubaguzi wa rangi kazini, na mwajiri huwajibika kwa matendo ya wafanyakazi wake. Lakini kifungu kilichombana mwajiri kwa unyanyasaji wa watu wa nje, wagonjwa na jamaa zao wakiwemo, kilifutwa 2013, na tumeishi na pengo hilo kwa miaka. Na muda wa kufungua shauri kwenye baraza la migogoro ya kazi kwa muda mrefu umekuwa miezi mitatu kasoro siku moja. Muuguzi mgeni, mwenye zamu za saa 12, asiyejua kama kuna baraza la namna hiyo, anaimaliza miezi hiyo akijiuliza kama aliyoyaona ni ubaguzi au ni yeye mwenye moyo mwepesi.

Nikumbushe na Agosti 2024. Baada ya watoto kuuawa Southport tarehe 29 Julai, uongo ulisambaa mtandaoni kuhusu muuaji, na ghasia zikalipuka katika miji mingi. Hoteli zilizokuwa na waomba hifadhi zilishambuliwa Rotherham na Tamworth. Nchi kadhaa ziliwaonya raia wao, na Ubalozi wetu nao ukatutaka tukae mbali na maeneo ya maandamano. Nashukuru kwa onyo lile, kwa moyo wote. Lakini muuguzi hakai mbali. Basi la mwisho linapita jioni mapema, zamu inaanza saa moja unusu usiku, na barabara ya kwenda hospitalini ndiyo hiyohiyo moja. Wiki ile nilivaa koti juu ya sare kwenye joto la Agosti, nikatembea. Nilipofika, dada wa wodi aliniuliza kama niko sawa, nikamjibu ndiyo, tukaingia kazini. Hakuna mtu kutoka upande wa Kenya aliyewahi kuniuliza.

Nisimalize upande huu bila kusema haki ya wengine. Mtu wa kwanza kunisimamia mbele ya mgonjwa hakuwa msimamizi wala daktari. Alikuwa mhudumu wa usafi, mama wa makamo, mzaliwa wa hapahapa. Mgonjwa aliposema hanitaki, yule mama aliegemeza ufagio akamwambia: "Huyu ndiye nesi wako, na ni nesi mzuri." Akaendelea kufagia. Mgonjwa akanyamaza, akanipa mkono nimpime presha. Nimefikiri sana juu ya sentensi ile. Haikuhitaji sera wala semina. Ilihitaji mtu wa hapa aseme, kwa sauti ya hapa, kwamba mimi ni wa wodi ile. Kazi hiyo haikupaswa kumwangukia mhudumu wa usafi. Ni kazi ya msimamizi, na inapaswa kuandikwa kwenye majukumu yake.

Hatuko wa kwanza kutumwa hivi. Huduma ya afya ya umma ya Uingereza ilipoanza tarehe 5 Julai 1948 ilikuwa na upungufu mkubwa wa wauguzi, na serikali za visiwa vya Karibi, Barbados ikiwemo, zilishirikiana na London kuwatafuta wasichana wa kwenda. Wengi wao waliingizwa kwenye mafunzo ya miaka 2 ya ngazi ya chini, yaliyoitwa SEN, badala ya yale ya miaka 3 ya SRN, hata waliokuwa na sifa za kuingia ngazi ya juu. Hawakuelezwa tofauti. Waligundua baadaye kwamba cheti chao hakiwapandishi cheo Uingereza, na kwao nyumbani hakitambuliki. Serikali zilizowatuma zilikuwa zimehesabu vichwa, na hakuna aliyerudi kuuliza wale wasichana wamewekwa njia gani. Leo bibi hao wamestaafu, na baadhi yao nimewahudumia. Mmoja aliniuliza, "Wewe wamekuweka bendi ya ngapi?" kabla hajaniuliza jina.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza, ambalo mkilitimiza hilo tu nitashukuru maisha yangu yote: msimtume muuguzi peke yake. Hospitali ya mashambani inayotaka Wakenya ichukue kundi, wakae mahali pamoja au karibu, na angalau wawili wapangwe wodi moja au zamu moja katika miezi ya mwanzo. Kama hospitali haina nafasi ya zaidi ya mmoja, basi haiko tayari kutupokea, na iambieni hivyo. Mtu wa pili anabadilisha kila kitu. Ni shahidi wa tukio, ni mtu wa kukuambia hukuota. Hata yule msimamizi mpole anayependa kubadilishana wagonjwa atafikiri mara mbili, kwa sababu hawezi kuwahamisha wagonjwa wote kutoka kwa Wakenya wote.

Pamoja na hilo, kabla hospitali haijaidhinishwa, itakeni ile karatasi yake ya usawa wa rangi, na muiulize maswali kwa mdomo: mgonjwa akimkataa muuguzi kwa rangi yake, msimamizi hufanya nini hatua kwa hatua, na mara ya mwisho kufanya hivyo ilikuwa lini? Hospitali inayojibu kwa kuwaonyesha bango msiipe mtu. Na mkataba utamke kwamba muuguzi aliyethibitika kubaguliwa, au ambaye lalamiko lake limekaa bila kujibiwa, atahamishiwa mwajiri mwingine ndani ya mpango huuhuu bila kurudisha senti ya gharama na bila kuzianza upya hesabu za viza yake. Waajiri wengine wapo, na upungufu wao haujaisha. Anayemfukuza muuguzi mzuri kwa uzembe wake anampa jirani yake.

Kabla ya safari, mnatufundisha mengi kuhusu mitihani ya lugha na mtihani wa vitendo wa NMC. Ongezeni siku moja ya haki zetu. Mtu ajiunge na chama cha wafanyakazi mara tu anapoanza kazi, RCN au Unison, kwa sababu ukisubiri hadi shida ije, chama kinaweza kushindwa kukusaidia kwa jambo lililotangulia uanachama wako. Afundishwe kuandika tukio lilivyotokea, saa, maneno yenyewe, nani alikuwepo. Ajue kwamba kila hospitali ya umma England inatakiwa kuwa na mlezi wa uhuru wa kusema, mtu ambaye mfanyakazi anaweza kumwendea nje ya ngazi za wakubwa wake. Mimi niliyajua haya kwa kuchelewa, kutoka kwa Mfilipino niliyekutana naye kwenye treni.

Nimesikia jibu la kawaida, kwamba tukisumbua sana Uingereza itachukua wauguzi wa India na Ufilipino, na wauguzi wetu wabaki mtaani na vyeti vyao. Naijua hofu hiyo kutoka ndani. Mimi mwenyewe nilikaa na cheti bila kazi wakati zahanati ya karibu haikuwa na muuguzi. Lakini itazameni Ufilipino. Imekuwa na maofisa wa kazi katika balozi zake kwa miaka mingi, na kwa sheria ya 2021 imeunda wizara nzima ya wafanyakazi walio ughaibuni. Inafuatilia mikataba, inawasikiliza watu wake, na inawazuia wasiende inapoona hatari. Pamoja na usumbufu huo wote, Wafilipino wamebaki miongoni mwa makundi makubwa kabisa ya wauguzi wageni kwenye rejista ya NMC. Aliyewaambia kwamba heshima itatukosesha kazi hakuwa akitutetea sisi.

Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumekuja, na wenyeji wanapona. Nimewaona wakitoka kwa miguu yao waliokuja wamebebwa, wakiwemo walionikataa siku ya kwanza. Kazi hii naipenda. Sitaki kurudishwa nyumbani, na sitaki barua hii itumike kufunga njia kwa wadogo zangu waliohitimu. Nataka wakija wakute kuna mtu anayejua wako wapi.

Idara ya Wakenya walio ughaibuni ipo, na Ubalozi upo, lakini Ubalozi uko London, na kutoka kwangu ni siku nzima ya treni ambayo lazima niiombee ruhusa. Kwa hiyo kabla orodha ya kundi lijalo haijatiwa saini, naomba jambo moja dogo lifanyike mwezi huu. Mteueni mtu mmoja Ubalozini ambaye kazi yake ni wauguzi walio nje ya miji mikubwa. Jina lake na namba yake ya simu zitumwe kwa kila mmoja wetu, na simu ipokelewe hata usiku, maana mengi hutokea usiku. Mengine yote niliyoyaandika hapa niko tayari kuyaeleza kwa majina, tarehe na nakala za barua nilizoandika, siku simu hiyo itakapopokelewa.

Wenu kwa heshima,

Muuguzi Mkenya, hospitali ya mashambani, kaskazini mwa England